Ea Klina ya Kuosha na Ea Klina ya Kutupa

Nimeolewa katika ukoo wa watu wabishi. Ubishi mrefu kuliko wote niliowahi kuukuta nyumbani kwangu haukuwa wa dini wala wa siasa, ulikuwa wa ea klina ya gari. Mume wangu na kaka yake waliuanza asubuhi kabla ya chai, wakaendelea nao mchana kwenye ndizi, nami nikirudi kutoka zamu miguu inawaka moto nawakuta pale pale, mmoja amesimama mlangoni, mwingine amelala kitandani na beseni la kutapikia liko chini ya mkono wake. Wa kitandani ndiye aliyekuwa na sauti kubwa.

Tulikuwa tunakaa Muleba. Mimi nilikuwa nesi wa zahanati, mume wangu mwalimu wa shule ya msingi. Shemeji yangu, huyo kaka mtu, alikuwa dereva maisha yake yote mpaka ugonjwa ulipomteremsha kwenye gari tukamchukua kumuuguza. Ugonjwa gani, mtu wa Kagera wa miaka ile hakuuliza. Mwanzoni watu waliuita kwa jina la vitambaa vya magendo vilivyokuwa vinavuka mpaka, baadaye ukaja na jina lake la redioni, UKIMWI, na katikati hapo tuliutaja kwa macho tu. Shemeji mwenyewe aliuita "kile kitu changu," na akikitaja alikuwa anakisonya.

Alikuwa anataka jambo moja. Alitaka kwenda kwao Izimbya, kwa mama yake, amekaa ndani ya gari lake mwenyewe, akafike aketi uani na wanaume aliokua nao, wanywe rubisi kwenye kibuyu kimoja kinachozunguka. Hakutaka mganga, hakutaka rufaa ya hospitali kubwa. "Ninywe zamu yangu, nimpe wa pembeni," alisema. "Halafu hayo mengine yafuate." Rubisi ni pombe yetu ya ndizi, nayo ukiinywa peke yako chumbani ni kama unakunywa dawa ya kikohozi. Utamu wake uko kwenye ile zamu, kwenye kusubiri aliye kabla yako amalize na kumsema kwamba anakawia.

Nilimwelewa sana. Kwa hiyo shida yetu ilikuwa gari.

Lilikuwa landrova ambalo shemeji alilinunua likiwa limeshachoka, kabla ya vita vya Kagera. Vita vilipoanza na mabomu yakawa yanasikika hata mjini, yeye alishinda barabarani akibeba waliokimbia. Kuna bibi alikataa kupanda bila mbuzi wake, na mbuzi akakataa kupanda kabisa, shemeji akamfunga mbuzi kiti cha mbele na bibi akakaa nyuma na watu wengine, akilalamika njia nzima kwamba mbuzi amependelewa. Vita vikaisha, injini nayo ikaisha. Ile ya zamani ilikuwa ya petroli, akatafuta nyingine ya dizeli iliyotoka kwenye gari lililokufa, akaifunga humo, pale pale uani kwetu. Injini hiyo ngeni ilikuja na ea klina yake, na hapo ndipo ubishi ulipozaliwa.

Ea klina ndiyo pua ya gari. Injini inavuta hewa kama mimi na wewe, na ikivuta vumbi inakohoa, inakosa nguvu, mwisho inasagika. Sasa pua zenyewe ziko za aina mbili. Ya kwanza ni bakuli la chuma lenye oili. Hewa ikiingia inapita juu ya oili, vumbi linazama humo, hewa safi inaendelea na safari. Bakuli likichafuka unamwaga uchafu, unaliosha kwa dizeli, unatia oili nyingine, unalirudisha. Linadumu mpaka wajukuu. Hilo ndilo lililokuwa kwenye injini ya zamani. Ya pili ni ya karatasi, karatasi ngumu iliyokunjwakunjwa kwenye duara. Ikijaa vumbi unaitupa, unanunua nyingine. Hiyo ndiyo iliyokuja na dizeli, na maneno yanayohitaji kuangaliwa hapo ni "unanunua nyingine," maana tunazungumzia miaka ambayo hata sabuni ya kufulia ukiipata ulikuwa unaificha.

Mume wangu alikuwa mtu wa karatasi. Alikuwa amesoma mahali kwamba injini za kisasa zinataka karatasi, na mwalimu akishasoma kitu, basi. Shemeji alikuwa mtu wa bakuli. "Kitu cha kutumia na kutupa," alisema, "ni cha watu wenye duka mlangoni."

Kasoro ya mume wangu ni kwamba yeye mtu wa karatasi hakuwahi kutupa karatasi hata moja. Kiangazi kilipoingia na barabara ya Bukoba ikageuka unga mwekundu, alikuwa anaitoa ile ea klina kila jioni, anaigonga kwenye ngazi, anaipuliza kwa pampu ya baiskeli, anaisugua katikati ya mikunjo kwa mswaki. Mswaki wenyewe ulikuwa wangu. Siku niliyougundua ukweli huo tulizungumza kwa urefu, naye kwa kunituliza akasema hataisugua tena. Akaiosha kwa maji na sabuni, akaianika kwenye kamba karibu na gauni langu la kazi. Ilikauka imekunjamana kama kabichi iliyolala.

"Hiyo ni ya kutupa," nikamwambia.

"Nitaitupa nikipata nyingine."

"Utaipata wapi nyingine?"

"Ndiyo maana siitupi," akasema, akairudisha garini.

Gari likakataa mlima wa kwanza kabisa, pale pale Muleba, mbele ya wanafunzi wake.

Tukaenda Bukoba kwa basi kutafuta mpya. Mjini walikuwa wamebaki wenye maduka wachache wa Kihindi, na mmoja wao, mzee mpole sana, ndiye aliyekuwa anauza vipuri. Mume wangu akauliza ea klina. Mzee akasema iko njiani. Njia gani? Ya meli. Meli ipi? "Mwalimu," mzee akasema kwa upole ule ule, "ikija tutaiona, si itakuwa ziwani?" Kisha akatupatia kasha lake la mfano, jipya kabisa, lenye picha ya ea klina nje na ndani hamna kitu. Mume wangu alilibeba kwa mikono miwili mpaka nyumbani. Nilikaa kiti cha mbele yake ili nisimwone.

Shemeji alipoliona lile kasha alicheka mpaka nikamletea beseni. Kisha akageukia ukutani. "Mama ameshavumbika ndizi?" akauliza. Mama yake alikuwa ametuma salamu kwa kondakta wa basi kwamba pombe ya mwanawe itakuwa tayari mwisho wa juma, twende. Nikamjibu kwamba ameshaanza. 

Hapa lazima nieleze kazi yangu nyingine ya siku hizo, ambayo ilikuwa kupiga kelele. Sindano zilikuwa za kuchemsha, na waliochemsha hawakuchemsha wote sawasawa, na mitaani walikuwako watu wanaochoma sindano majumbani kwa kifaa kimoja kijiji kizima. Kisha zikaja za plastiki, za kutumia mara moja. Nikatumwa vijijini kueleza. Kwaya ya kanisani kwetu ikaniazima kipaza sauti cha kushika mkononi, kilichokuwa kinapiga mluzi kila nikivuta pumzi, nami nikasimama sokoni na kwenye viwanja vya shule nikasema, sindano iliyotumika kwa mwingine usikubali, wembe uliotumika kwa mwingine usiutumie. Nilisema vizuri kabisa. Lakini upepo wa kwetu una tabia zake, na walio nyuma walikuwa wanasikia mkia tu: kilichotumika kwa mwingine usitumie.

Basi, mkia ule ukaanza kutembea wenyewe. Mtu akakataa kuazima jembe. Mama mmoja akarudisha blanketi alilopewa na dada yake. Kwenye kwaya wakaanza kudai kila mtu kitabu chake cha nyimbo, na walioniazima kipaza sauti wakanitazama vibaya. Mwanamume mmoja aliyekuwa anavizia kumrithi mjane wa nduguye, wakati yeye mwenyewe alikuwa na wake wawili na wengine wa pembeni, akaambiwa na mjane yule peupe kwamba nesi amekataza vilivyotumika. Hilo peke yake nililiacha bila kulisahihisha. Mengine yote nilizunguka kuyasahihisha, na kila nilikorudi niliambiwa, "Nesi, wewe mwenyewe ulisema," utadhani nimekuja kujikana.

Sasa fundi wetu wa pale Muleba alikuwa na ea klina ya karatasi. Nzuri, nyeupe, karibu mpya. Ilikuwa imetoka kwenye gari la mfanyabiashara aliyefariki mwaka ule, na wote tulijua kwa ugonjwa gani. Tulimkuta amekaa juu ya tairi, ea klina ameiweka mbali naye, juu ya bati.

"Siwezi kuwapa," akasema.

"Kwa nini?"

"Imetumika." Akashusha sauti kwa heshima. "Nesi, hiyo imevuta hewa ya marehemu."

Nikavuta pumzi. Nikamweleza kwamba ugonjwa ule hauendi kwa hewa, kwamba hata ungekuwa unaenda kwa hewa gari haliugui, kwamba injini haina damu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, kama mwanafunzi mzuri.

"Lakini wewe mwenyewe ulisema," akasema.

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakaziba. Nikamgeukia mume wangu anisaidie, mtu msomi, baba wa wanangu. Alikuwa anaitazama ile ea klina kwa jicho la wasiwasi. "Ila kweli," akasema taratibu, "yule marehemu alikuwa anakohoa sana ndani ya lile gari."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, mbele yao wote, sikumsubiri.

Shemeji alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Nikamweleza yote, nikamtukana fundi, nikamtukana mdogo wake, nikautukana upepo. Nilidhani atacheka. Akauliza tu, "Ile ya marehemu wameiweka mbali?"

"Juu ya bati."

"Hm." Akavuta shuka. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi, "Basi ni bakuli."

Bakuli lenyewe tulilipata uani. Kuku wangu walikuwa wanalinywea maji tangu vita viishe. Shemeji akatolewa nje na kiti chake na blanketi lake, akakaa juani akiwa mwembamba mpaka kiti kikaonekana kipana, na akaanza kutawala. Nikaosha bakuli kwa dizeli. Hapana, rudia, kuna kinyesi cha kuku. Nikarudia. Mume wangu akaliunganisha na injini kwa mpira wa tyubu ya baiskeli na waya wa kufungia mzinga, akilalamika kwamba si utaratibu. Shemeji akamwambia utaratibu uko njiani, unakuja na meli. Aisee, alikuwa na raha siku ile. Hata uji alikunywa.

Ikabaki kutia oili. Ndani ya bakuli kuna mstari umechongwa, na mume wangu, mtu wa kusoma, akauona.

"Mwisho ni hapa," akasema.

Ilikuwa kama nusu hivi. Sote watatu tukalitazama bakuli.

"Nusu?" shemeji akasema.

"Ndiyo mstari."

"Mstari wa Wazungu. Umewahi kuona mtu wa kwetu anampa mgeni chombo nusu?"

Na hapo, ndugu msomaji, hata mimi nilimuunga mkono. Nimelelewa na mama ambaye chombo kisichojaa kwake kilikuwa tusi. Ukimpelekea mtu kibuyu kimepungua, anauliza nani amekionja njiani. Gari lilikuwa linatupeleka kwenye pombe ya mama mkwe, baada ya taabu zote zile, halafu tulinyweshe nusu bakuli? Mume wangu alijaribu mara moja tena kuuonyesha mstari, sisi wawili tukamwangalia mpaka akaona haya, akashika mtungi wa oili mwenyewe. Tulijaza mpaka oili ikatulia ukingoni inang'aa. Shemeji akasema hivyo ndivyo alivyokuwa anajaza siku zote. Na kweli. Ila siku hizo zote injini ilikuwa ya petroli, na kwenye petroli kosa hilo linaishia kwenye moshi. Dizeli ina mambo mengine, na hakuna kati yetu aliyelijua hilo.

Jumamosi tukaondoka. Mume wangu usukani, mimi katikati, shemeji dirishani amevaa koti lake la dereva ambalo sasa lilikuwa linamtosha yeye na mtu mwingine. Gari likawaka kwa sauti nzuri. Barabara ya Bukoba tukaila taratibu bila mlima hata mmoja kutushinda, vumbi limetanda nyuma, na ndugu wawili wakaendelea na ubishi wao, safari hii mmoja akiwa ameshinda na hana huruma. Kila tulipomaliza mlima shemeji alikuwa anasema neno moja tu, "Karatasi," halafu anatazama nje. Tukaacha barabara kubwa tukakata kwenda Izimbya, migomba huku na huku, na mlima wa mwisho ukajitokeza, ule mrefu unaopanda kwenye nyasi tupu za rweya kabla ya kushukia kwao.

Katikati ya mlima injini ikabadili sauti. Ikaanza kunguruma, kisha kulia. Gari likaongeza mwendo.

"Punguza," nikamwambia mume wangu.

"Nimeshatoa mguu," akasema.

Nikatazama chini. Mguu ulikuwa hewani kabisa. Gari likaendelea kuongeza.

Baadaye sana nilikuja kuelezwa. Oili ikizidi kwenye bakuli na mlima ukiwa mkali, injini inaanza kuivuta ile oili yenyewe, na dizeli ikishapata oili haina haja tena na mguu wa mtu. Inajilisha. Wakati ule sikujua hilo. Nilijua tu kwamba gari la shemeji limepagawa. Mume wangu akavuta waya wa kuzimia, wapi. Akatoa ufunguo, akabaki ameushika mkononi, akaniangalia kwa uso ambao sijauona tena kwake hata siku nilipokuwa najifungua. Nyuma yetu moshi mweupe ulikuwa umefunika rweya nzima. Tukampita mtu anasukuma baiskeli yenye mikungu. Tukaipita kileleni pikipiki ya mwinjilisti, naye akatupungia mkono kwanza kisha akaingia mtaroni kwa hiari yake.

Shemeji alikuwa anacheka. Alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili, kofia imeanguka, anacheka mpaka machozi yanaruka pembeni. "Acha lipande!" alikuwa anasema. "Mwalimu, acha lipande!" Nilikuwa na hofu ya kufa, na bado nilifurahi kumwona. Miezi mingi nilikuwa sijamwona na uso ule.

Tukashuka kwao kwa kishindo. Na watu wa Izimbya, walioshukiwa bondeni kwao na muungurumo na wingu la moshi, walifanya walichojifunza wakati wa vita. Waliingia kwenye migomba. Niliona migongo tu, wanawake, wazee, vigoda vinapinduka, mtu mzima anakimbia ameshika bakora yake badala ya kuiegemea. Mume wangu akaingiza gari kwenye kibanja cha mama yake, akatia gia kubwa na kukanyaga breki kwa miguu miwili, gari likatetemeka, likaruka, likaenda kuzimikia kwenye shina la mgomba. Mkungu ukaanguka juu ya boneti.

Kukawa kimya. Uani palikuwa na nyasi mpya zilizotandazwa, vigoda, mtungi wa pombe, vibuyu vimepangwa. Na hakuna mtu.

"Wameniandalia," shemeji akasema, "halafu wakahama."

Wa kwanza kutoka migombani alikuwa mama mkwe, ana ndala moja. Akalitazama gari, akamtazama mume wangu. "Kumbe ni nyinyi," akasema. "Nilidhani vita vimerudi." Kisha akamwona mwanawe mkubwa ameshikilia mlango, akaja kumpokea, na jinsi alivyopitisha mikono kwapani mwake na kukuta hamna mtu ndani ya koti, nilijua amejua.  Alimketisha kwenye kigoda kizuri, akamwekea blanketi. Wanaume wakajitokeza mmoja mmoja na majani kichwani, wanacheka kwa aibu, kila mmoja akieleza kwamba yeye hakukimbia, alikwenda tu kumtafuta mwenzake. Wakasalimiana. Wakakaa. Mduara ukakamilika na shemeji yumo, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Nikajisemea, tumefika.

Mama mkwe akajaza kibuyu, akamnyooshea jirani aliyekaa mwanzo. Yule akavuta mrija, akampa wa pili. Wa pili akampa wa tatu. Wa tatu alikuwa anapakana na shemeji, na badala ya kumpa akainuka nusu, akamruka, akakipitisha mbele yake kwenda kwa wa upande wa pili.

Mama mkwe, aliyekuwa ameingia ndani, akatoka na jani la mgomba. Lilikuwa limekatwa vizuri, limepitishwa motoni likalainika, limekunjwa kuwa kikombe. Chini ya kwapa alikuwa na mengine mengi, yamefungwa pamoja, masafi. Akalijaza lile la kwanza kutoka kwenye mtungi, akampa mwanawe kwa mikono miwili, na akanigeukia mimi.

"Mkamwana," akasema, na nilisikia fahari kwenye sauti yake, fahari ya mama aliyejiandaa. "Habari zako zilifika mpaka huku. Kila akinywa tunatupa. Nimekata ya kutosha siku zote atakazokaa."

 Alikuwa hajafanya ubaya wowote. Alikuwa amezunguka migomba yake akichagua majani yasiyopasuka, kwa ajili ya mtoto wake, kwa sababu mimi nilisema.

Shemeji alilishika lile jani, akalitazama ndani, akaligeuza kidogo. Kisha akamtazama mdogo wake upande wa pili.

"Mwalimu," akasema, "umeshinda. Hata mama ni mtu wa karatasi."

Mume wangu akainamisha kichwa. Wengine hawakuelewa, lakini hakuna aliyecheka.

Mimi nina hasira za karibu, watoto wangu wanajua, na zile zilikuja zote. Nilisimama katikati ya wanaume, mkamwana, nyumbani kwa mama mkwe, jambo ambalo halifanywi. Nikasema kwa sauti ya kipaza sauti bila kipaza sauti. "Nilisema sindano. Nilisema wembe. Vitu vinavyoingia kwenye damu. Kifua kikuu nimempima mwenyewe, hana. Sikusema kibuyu. Sikusema kigoda, sikusema sahani. Mama, sikusema mtoto wako."

Nikakichukua kibuyu mkononi mwa yule aliyekuwa nacho, sikumwomba, nikampa shemeji. Jani likaanguka. Kibuyu kilikuwa kizito kwake, nikakishika naye. Akavuta mrija muda mrefu, mrefu kuliko adabu, na kwa kawaida hapo ndipo watu wangeanza kumsema.  Alipomaliza nikavuta mimi, mrija ule ule. Na mimi si mnywaji wa pombe, ni Mlutheri wa kwaya.

Nikabaki nimekishika kibuyu, sijui nimpe nani. Wanaume walikuwa wanatazama nyasi. 

Mama mkwe akaweka mzigo wake wa majani chini. Akaja na ndala yake moja, akapiga magoti mbele ya kigoda cha mwanawe, akakipokea kibuyu kwangu na kuvuta. Akapangusa mdomo kwa kiganja. Kisha akageuka, akamnyooshea yule mzee wa tatu aliyemruka mwanawe, akakishikilia pale usoni kwake mpaka akakipokea.

Akanywa. Akampa wa pembeni. Wa pembeni akanywa, na mtu mmoja upande wa pili, sijui kwa woga au kwa mazoea tu, akasema kwamba huyu naye anakawia, wengine hawana makoo? Wakacheka. Kibuyu kikazunguka mduara mzima, kwa wazee, kwa mume wangu, kwa mwinjilisti aliyefika na matope mpaka magotini na ambaye hanywi, kikamrudia shemeji.

Akakitikisa sikioni. Akavuta mrija, ukapiga mluzi wa utupu.

"Wamekimaliza," akaniambia. Akawageukia. "Nimetoka Muleba naugua, nimefika, mmenimalizia pombe yangu yote. Hamkuniachia hata tone."

Alilalamika hivyo jioni nzima. Kila aliyepita njiani alimwita amshitakie, wamenimalizia, hawa hapa, kwa midomo yao, na machozi yalikuwa yanamtiririka, na mama yake alikuwa anakwenda mtungini na kurudi.